Kengele ya Pili

SEHEMU YA KWANZA

Usiku wa Idi pili, chumba chetu cha habari kilikuwa na watu wawili na feni tatu. Wenzangu walikuwa makwao wakimalizia pilau. Mimi, niliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, ndiye niliyeangukiwa na zamu ya kuamkia Jumatano, tarehe 2 Aprili 2025. Mtu wa pili alikuwa Mzee wa Kamusi.

Hilo si jina lake, ni la kupachikwa. Alisoma taarifa za habari redioni enzi za kanda za kuzungusha, akastaafu, kisha redio yetu ikamrudisha kwa mkataba atunyooshee Kiswahili. Hufika baada ya saa sita usiku na chupa ya kahawa chungu na kashata zilizofungwa kwenye gazeti, hupitia tulichoandika kwa kalamu nyekundu, huondoka taarifa ya alfajiri ikishasomwa. Hapandishi sauti. Ukikosea, atazungushia neno duara, kisha atashusha pumzi. Afadhali matusi.

Kwenye televisheni ya ukutani, sauti ikiwa imezimwa, palikuwa na mtu amesimama. Cory Booker, seneta wa New Jersey, Marekani, miaka 55. Alianza kuhutubia Seneti Jumatatu saa moja jioni kwa saa za kwao, yaani saa nane usiku kwetu, na sasa ilikuwa saa sita ya usiku uliofuata. Saa 22. Hajakaa, hajala, hajaenda msalani. Kiti chake aliagiza kiondolewe, asije akashawishika.

Kazi yangu ilikuwa kuiandika habari hiyo, dakika mbili tu, kwa taarifa ya saa 12 asubuhi. Kilichonikwamisha ni neno moja. Taarifa ya Kiingereza iliyoingia kwenye kompyuta ilikuwa nalo, limekaa kama mfupa wa samaki: filibuster. Mkuu wa habari alishanitumia ujumbe tangu jioni: "Kila neno lipate Kiswahili chake. Sitaki Kiingereza hewani."

Kabatini mlikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada. Nikafunua. Neno nikalikuta, na mbele yake maana ya kwanza: haramia, mnyang'anyi wa baharini. Basi nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: SENETA HARAMIA AKARIBIA KUVUNJA REKODI. Nilikipenda. Nilikipenda sana kiasi kwamba nilimrushia kijana wetu wa mitandao kwenye WhatsApp, akikute asubuhi akipandishe kwenye ukurasa.

Dakika kumi baadaye mlango ukalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Tuna nini leo?"

Akainama nyuma ya bega langu, akasoma. Nikasubiri duara. Halikuja. Nikasubiri ile pumzi. Haikuja. Aliiweka kalamu mezani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Haramia," alisema. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye kamusi, mzee."

"Kamusi haijakudanganya. Imekutajia babu, na wewe unamtafuta mjukuu. Ukilisoma hivi hewani watu watadhani meli imetekwa Ghuba ya Aden." Akavuta kiti. "Umeshalituma popote?"

"Bado, mzee."

Akamimina kahawa kwenye kikombe kile kidogo, akanisogezea kashata. Nikaona jinsi anavyolitazama lile neno kwenye skrini, kama mtu anayemtambua jirani wa zamani.

"Neno hili lina damu," alisema. "Kulijua kulinigharimu miaka. Kuna madaktari wawili walisimamishwa mbele ya askari wakapigwa risasi, na jina walilobeba wote wawili ni hili hili. Mmoja lilimkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mwingine alivishwa kwa nguvu."

"Madaktari?"

"Wote wawili. Na wote wawili waandishi, kama wewe."

Simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Nikaichungulia. Kijana wa mitandao, niliyedhani amelala fofofo, alikuwa macho. Tiki mbili kwenye ujumbe wangu zilikuwa zimegeuka bluu.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Binti amemdanganya Mzee wa Kamusi kwamba hajatuma kichwa cha habari popote. Simu inamuumbua. SASA ENDELEA.

Nikaandika haraka chini ya meza: "Usipandishe!" Tiki moja. Ya kijivu. Alikuwa ameshazima data. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikajitia kunywa kahawa.

"Tuanze kwa Waholanzi," Mzee alisema. "Kwao kulikuwa na mtu aitwaye vrijbuiter. Vrij ni huru. Buit ni ngawira. Anayekula ngawira bila ya kuomba ruhusa kwa mfalme wala kwa kadhi. Waholanzi walipigana na Wahispania miongo na miongo, kuanzia 1568, na bahari ilijaa watu wa namna hiyo. Waingereza wakalichukua neno wakalifanya lao. Wafaransa nao wakalipindua kidogo, wakasema flibustier, na wakaenda nalo mpaka Karibi, ambako kazi ilikuwa kuvizia meli za Kihispania zilizosheheni fedha. Sasa angalia kituko. Mhispania aliyeibiwa akakosa la kumwita mwizi wake, akaazima jina ambalo mwizi alikuwa nalo tayari. Filibustero."

"Sisi tuna haramia."

"Sisi tumeazima kwa Mwarabu, na humo ndani mna haramu. Ukilitamka umeshahukumu. Lile la kwao halihukumu. Linataja uhuru." Akatafuna kashata. "Mwizi anayejiita huru, huyo mwogope."

Kwenye televisheni Booker aligeuza karatasi. Saa sita na nusu.

"Neno likasinzia karne nzima na zaidi," Mzee aliendelea, "mpaka akatokea William Walker."

Ninaandika hapa kama nilivyomsikia, maana huyo Walker ndiye aliyenikosesha usingizi wiki nzima. Alizaliwa Nashville mwaka 1824. Akiwa na miaka 19 alishahitimu udaktari. Akauacha, akasoma sheria. Akaiacha sheria, akawa mhariri wa gazeti New Orleans. Alikuwa mfupi, mwembamba, sauti ya upole, macho ya kijivu ambayo waliomwona hawakuacha kuyataja. Mwaka 1853 mhariri huyu alipanda meli na watu 45, akashuka Baja California katika ardhi ya Mexico, akatangaza jamhuri na yeye mwenyewe kuwa rais wake. Njaa na Wamexico wakamrudisha mbio hadi mpakani. Akashtakiwa San Francisco kwa kuvunja sheria ya kutoegemea upande. Baraza la wazee wa mahakama lilikaa dakika nane, likamwachia huru.

"Dakika nane, mzee?"

"Hata chai haijachemka. Alikuwa kipenzi cha watu. Magazeti yao yalikuwa yamelifufua lile neno la Kihispania, yakawaita yeye na wenzake filibusters, na si kwa kuwatukana. Kulikuwa na wengine pia. Narciso López aliivamia Cuba akitokea Marekani, akanyongwa Havana mwaka 1851. Lakini Walker aliwapita wote. Mwaka 1855 Nicaragua walikuwa wakipigana wao kwa wao, upande mmoja ukamwalika awasaidie. Akaenda na watu wasiofika 60. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, alikuwa rais wa nchi."

Nikaacha kuandika.

"Rais?"

"Aliapishwa. Akakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Na mwezi Septemba akaifuta amri iliyokuwa imepiga marufuku utumwa. Nchi iliyokuwa imeshaachana na utumwa, daktari akairudisha utumwani kwa wino."

Majirani hawakusubiri zamu yao ifike. Costa Rica walikuwa wameshaingia vitani. Aprili 11 mwaka ule wa 1856, mjini Rivas, kijana mpiga ngoma wa jeshi lao, Juan Santamaría, alikimbia na mwenge hadi kwenye jengo walimojichimbia watu wa Walker akalichoma moto. Hakurudi. Ukishuka Costa Rica leo unatua kwenye uwanja wa ndege wenye jina lake. Mei 1857 Walker alisalimu amri, akarudishwa kwao. Mtu mwingine angetulia. Yeye akajaribu tena, na tena, mpaka mwaka 1860 alipotua Honduras, na nahodha wa jeshi la majini la Uingereza akamkamata na kumkabidhi kwa wenye nchi.

"Mji unaitwa Trujillo," Mzee alisema. "Tarehe 12 Septemba asubuhi. Ana miaka 36. Wamemsimamisha. Askari wameinua bunduki."

Akanyamaza. Akamimina kahawa. Nikadhani ananitesa kwa makusudi, na sasa najua ilikuwa hivyo.

"Lakini neno lenyewe halikuwepo pale," alisema. "Wanalisubiri lianguke naye, na lenyewe lilishatoroka miaka saba nyuma. Unajua lilikwenda kujificha wapi?"

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: William Walker yuko mbele ya bunduki. Neno limetoroka. SASA ENDELEA.

"Bungeni," Mzee alisema, na Walker akaanguka.

Ilikuwa mwaka 1853, kwenye Baraza la Wawakilishi huko Washington. Mbunge mmoja alisimama kuwalaani wale waliotaka kuipora Cuba. Mwenzake wa Mississippi, ambaye moyo wake ulikuwa upande wa waporaji, akamrudishia maneno: anayefanya uharamia hapa ni wewe, kwa hotuba yako hiyo. Mzaha tu. Lakini neno lilionja ukumbi, likapapenda. Karne haijaisha lilikuwa limeshika kazi moja: kusema, na kusema, na kusema, ili saa ziishe na muswada ufe bila kupigiwa kura.

"Kwa hiyo badala ya meli…"

"Waliteka saa. Sasa niambie, kwa nini sisi hatuna neno hilo?"

Nikafikiri. Nikashindwa.

"Kwa sababu ya kengele, binti! Umeripoti Dodoma wewe? Mheshimiwa anasimama, anashukuru, anapongeza, anawasalimia wapiga kura wake, kengele ya kwanza inalia, anaanza kukimbia. Kengele ya pili: muda wako umekwisha, Mheshimiwa. Kipaza sauti kinakatwa, anamalizia naunga mkono hoja bila sauti, midomo tu. Neno litatoka wapi? Lugha haimpi jina mtu asiyepata nafasi ya kuwepo."

Seneti ya Marekani haina kengele. Iliwahi kuwa na kanuni ya kukata mjadala. Mwaka 1805 makamu wa rais aliyekuwa akiondoka, Aaron Burr, aliwashauri wapunguze kanuni zisizotumika, na mwaka 1806 wakaitupa hiyo. Mtu akitoa komeo mlangoni kwa kuwa hakuna mwizi, hawezi kujua siku hiyo hiyo amefanya nini. Walizinduka 1917, wakaamua kwamba theluthi mbili wakikubali, msemaji atanyamazishwa. Tangu 1975 zinatosha kura 60 kati ya 100. Na siku hizi, Mzee aliniambia kwa uso wa kuchukizwa, wala hawasimami tena: upande mmoja ukitoa taarifa kwamba unapinga, muswada unakwama palepale mpaka 60 wapatikane. Mtu amezuia nchi akiwa amelala kwake.

"Na daktari wa pili?" niliuliza.

Akavua miwani.

"Wahispania walilipeleka Manila. Kule halikuwa na meli wala hotuba. Lilimaanisha mzalendo yeyote anayeshukiwa kuichoka Hispania. Ukiitwa filibustero, umekwisha. Mwaka 1872 walinyongwa mapadri watatu, na mtoto mmoja wa miaka kumi akalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Baba yake akakataza lisitamkwe nyumbani. Sasa wewe mzazi mkataze mtoto neno uone."

Mtoto alikuwa José Rizal. Akakua, akaenda Ulaya, akawa daktari wa macho. Mwaka 1891, mjini Ghent, alichapisha riwaya akalibandika neno hilo juu ya jalada, El filibusterismo, na kuitabaruku kwa wale mapadri watatu. Desemba 30 mwaka 1896 alipigwa risasi Manila. Miaka 35. Maishani mwake hakuteka hata mtumbwi.

Tulikaa kimya. Feni moja ilikuwa ikilia kama panya.

"Daktari wa macho," Mzee alirudia. "Likumbuke jicho. Linarudi sasa hivi."

Ilikuwa karibu saa nane. Akaanza habari ya mwaka 1964 bila ya kunipa nafasi. Muswada wa haki za kiraia ulikuwa mezani, wa kukomesha ubaguzi hotelini, kazini, mashuleni. Maseneta wa kusini waliuzungushia maneno kwa siku 60 za kazi. Muswada wa namna hiyo haukuwahi hata mara moja kupata kura za kukata mjadala. Asubuhi ya Juni 10 seneta Robert Byrd alimaliza kusema baada ya saa 14 na dakika 13, na karani akaanza kuita majina. Zilihitajika kura 67.

"Akaita jina la Clair Engle wa California. Huyu alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Walishampasua, mwili umepooza, na ulimi haufanyi kazi. Wamemleta kwa kiti cha magurudumu. Karani ameita. Kimya. Ameita tena. Ukumbi mzima umegeuka unamtazama. Anafungua mdomo, na hakitoki kitu."

Mzee akasimama.

"Kura yake ni ya sauti, binti. Na sauti hana."

ITAENDELEA

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Seneta asiyeweza kusema ameitwa jina mara mbili. SASA ENDELEA.

Mzee wa Kamusi aliinua mkono wake wa kulia taratibu, ukitetemeka, nami sikujua kama anaigiza au ni uzee. Kidole kikapanda, kikapita kidevu, kikapita pua, kikasimama kwenye jicho.

"Kwa Kiingereza," alisema, "jicho na ile 'ndiyo' ya bungeni hutamkwa sawasawa."

Kura 71 dhidi ya 29. Maneno ya siku 60 yalikatwa, na moja ya kura zilizoyakata ilitoka kwa mtu asiye na neno. Engle alifariki Julai 30, wiki saba baadaye.

Nilikwenda dirishani nikajifanya natazama taa za barabarani. Niliporudi, picha ya televisheni ilikuwa imebadilika: watu wote ukumbini wamesimama, wanapiga makofi. Nikaongeza sauti. Saa nane na dakika 19. Rekodi imevunjwa.

"Iliyokuwa ya nani?" Mzee aliuliza, ingawa alijua.

Nikasoma kwenye kompyuta. Strom Thurmond, seneta wa South Carolina. Saa 24 na dakika 18, kuanzia Agosti 28 mwaka 1957.

Huyo alijiandaa kama bondia. Alikaa kwenye chumba cha mvuke ili mwili ukauke asihitaji haja ndogo, na msaidizi wake aliwekwa jirani na ndoo, hali ikizidi. Alianza kwa kusoma sheria za uchaguzi za majimbo yote, yalikuwa 48 wakati huo, moja baada ya jingine. Aliyekuwa akimzuia ni mpiga kura mweusi: muswada aliokuwa akiupinga ulilinda haki yake ya kupiga kura. Na baada ya saa zote hizo muswada ulipita usiku huo huo, 60 dhidi ya 15. Maseneta wengine wa kusini walishakubali yaishe. Yeye peke yake ndiye aliyeendelea kuikausha ngozi yake.

"Leo mtu mweusi amemvua taji," nikasema. Niliona nimepata mwisho mzuri wa habari yangu, nikaanza kuandika.

"Hiyo kila mtu ataiandika." Mzee alikuwa akikunja gazeti la kashata, kona kwa kona. "Siku ile Thurmond amesimama anasoma sheria ili kuwazuia weusi, alikuwa na binti yake wa kumzaa. Ana miaka 31, ameshakuwa mama wa watu, na anajua baba yake ni nani."

"Sasa?"

"Binti huyo alikuwa mweusi."

ITAENDELEA

SEHEMU YA TANO

ILIPOISHIA: Seneta aliyesimama saa 24 dhidi ya haki za weusi alikuwa na mtoto mweusi. SASA ENDELEA.

Jina lake Essie Mae Washington-Williams. Alizaliwa mwaka 1925. Mama yake, Carrie Butler, alikuwa mtumishi wa ndani kwa wazazi wa Thurmond, na alikuwa na miaka 16 tu. Kijana wa nyumba alikuwa na 22. Thurmond alimlipia mtoto huyo masomo, akawa anakutana naye na kumpa fedha, na hakumtaja hadharani hata siku moja. Naye binti hakusema. Alinyamaza alipomwona baba yake akigombea urais kwa sera ya ubaguzi mwaka 1948, akanyamaza mwaka 1957, akanyamaza mpaka mzee alipofariki Juni 2003 akiwa na miaka 100. Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 78, alisema.

"Kuna sanamu ya Thurmond kwenye viwanja vya bunge la jimbo lake," Mzee alisema. "Kwenye jiwe wameandika ni baba wa watoto wanne, na majina. Mwaka 2004 ikabidi waongeze la tano. Jina kuongeza ni rahisi. Lakini 'wanne' lilishachongwa. Wakalichonga juu yake 'watano'. Ukisimama karibu unaona palivyokwanguliwa."

Sikupata la kusema. Kwa sababu fulani nilishika simu yangu, iliyokuwa bado kifudifudi, nikaiachia.

Saa tisa na dakika tano Booker alimaliza. Saa 25 na dakika 5. Tukabaki na kazi yetu. Tulilitafutia lile neno Kiswahili kama watu wanaotafuta pete mchangani. Porojo? Hapana, porojo haiui muswada. Kuvuta muda? Hata mshtakiwa huvuta muda. Kukwamisha kwa maneno, alisema Mzee, ndiyo maana yenyewe, lakini haina chumvi. Mimi nikapendekeza kuuteka mjadala. Akalionja mdomoni mara mbili tatu, akalikubali, maana lilikuwa na bahari ndani yake bado. Nikaandika: Seneta Cory Booker ameuteka mjadala kwa saa 25.

Saa kumi na moja na dakika hamsini, nimeshika karatasi naelekea studio, Mzee akaniita.

"Binti. Ameuteka mjadala wa muswada gani?"

"Wa…"

Nikarudi kwenye kompyuta. Hakuna. Alikuwa ameikemea serikali ya nchi yake, afya, pensheni, bajeti, mchana na usiku. Muswada haukuwepo. Nikateremka kwenye ile taarifa ya Kiingereza niliyoisoma saa sita usiku, aya ya nne, na neno langu lilikuwa pale pale nilipoliona mara ya kwanza. Mbele yake palikuwa na neno fupi nililoliruka. Sentensi ilisema kwamba hotuba hii *si* filibuster, kwa kuwa haizuii sheria yoyote.

"Mzee, ulijua?"

"Nilidhani umesoma mpaka mwisho." Akashusha ile pumzi. Hatimaye. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akazungushia duara sentensi tuliyoihangaikia usiku kucha, na kuandika juu yake kwa mwandiko wake wa shule za zamani: amehutubia kwa saa 25 na dakika 5, bila kukaa.

Nikakimbia. Nikavaa vipokea sauti. Dakika moja. Nikaigeuza simu niizime, na hapo nikaona: ujumbe wangu wa "Usipandishe!" ulikuwa na tiki mbili za bluu, na chini yake kijana wa mitandao amejibu, "Pole dada, ilishapanda tangu saa sita. Watu wanaishea balaa."

Nikainua macho. Nyuma ya kioo, kando ya fundi mitambo, alisimama mkuu wa habari, ambaye hajawahi kuonekana kazini kabla ya saa mbili. Shati lake limefungwa vifungo visivyolingana. Ameinua simu yake na kuibandika kwenye kioo ili niisome vizuri, na juu ya SENETA HARAMIA palikuwa na picha yangu na jina langu. Mzee wa Kamusi alikuwa nyuma yake, anaisoma pia.

Taa nyekundu ikawaka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO